Kondoo Mia, Picha Tatu

Jumanne, 2 Juni 2020

Leo natimiza miaka hamsini na sita na siku tisa tangu niondoke Ispaster, nchi ya Wabaski, kuja Nevada kuchunga kondoo wa watu. Siku hizi nachunga wangu. Kwa muda gani zaidi, sijui. Gonjwa limefunga mikahawa, nyama haina mnunuzi, na nyasi kavu za majira ya baridi sina. Jirani yangu Ganix, Mbaski wa upande wa Ufaransa, kaja kupima zizi langu kwa hatua. Mchana kweupe! Akanishauri nimuuzie kundi zima. "Mzee mwenzangu, nenda kapumzike kwa dada yako. Krismasi nitakutumia kadi."

Dada yangu Edurne, kule Ispaster, keshanitandikia kitanda chumba cha nyuma. Dirisha lake linatazama ukuta.

Lakini serikali inatoa ruzuku ya korona kwa wafugaji! Inalipia kila kondoo wa chini ya miaka miwili.

Alhamisi, 4 Juni

Wa umri huo ninao mia. Nimeandika mia tatu. Waliobaki ni vikongwe, hata meno hawana. Karani hatoki ofisini kwa ajili ya ugonjwa. Anataka picha tu. Picha!

Jumamosi, 6 Juni

Kazi ya kutwa. Picha ya kwanza kando ya ghala, ya pili kijitoni, ya tatu kilimani. Mia wale wale. Ganix kapita na gari lake, akauliza mbona nawatembeza kama maharusi. Nikamjibu wanahitaji hewa.

Jambo moja najivunia. Huku wachungaji huweka kondoo mweusi mmoja katika kila mia. Ukihesabu weusi, umehesabu kundi. Picha isiyo na mweusi ingetia shaka. Kwa hiyo katika kila picha nilimsimamisha wangu mbele kabisa. Akili hizo!

Jumatano, 10 Juni

Lorna, karani wa ruzuku, kaniita. Barakoa yeye, barakoa mimi, kioo katikati. Akabandika picha tatu kwenye kioo. Akauliza kama weusi wangu watatu ni pacha. Nikasema ni ndugu. Akauliza kama wote walinyofolewa sikio la kushoto na mbwa mmoja, siku moja.

Nilisahau kwamba baba yake alichunga kondoo miaka thelathini.

"Mzee Floren, huyu mnyama katembea sana wiki hii. Hebu chukua karatasi zako kabla sijaziona."

Nikazichukua. Nilikiona kile chumba cha nyuma, kitanda, ukuta.

Nilikuwa nimeshageuka aliponiuliza sufu ya Aprili nilimuuzia nani. Nikasema hakuna, viwanda vimefungwa, ghala limejaa mpaka darini. Akagonga kioo kwa kalamu. "Sasa wewe mzee! Sufu nayo si inalipiwa!" Robota kumi na moja! Na kondoo mia wa kweli. Kaandika vyote mwenyewe, mimi nikatia sahihi.

Ijumaa, 26 Juni

Ruzuku imeingia! Nyasi zitatosha mpaka majani mapya yaote. Nimekwenda kwa Ganix kumwarifu kwamba zizi haliuzwi, ila akitaka kupima choo, karibu. Kanuna. Kisha kaleta divai, tukanywa tumeachana hatua mbili, kila mtu na gilasi yake. Huku akitazama pembeni, kakiri kwamba bila mimi angebaki kugombana na ng'ombe.

Kasema pia amesikia kwamba orodha ijayo ya ruzuku huenda ikawa na asali. Mimi nina mzinga mmoja. Mzinga una pande nne. Nimeshachaji simu.

Nimemwandikia Edurne ampangishe mtu kile chumba. Sitarudi Ispaster.