Fahali wa Serikali Aliyezidi Mmoja

Wenzangu wa Homa Bay, leo sina pa kuuweka uso. Nawaandikia mapema kabla wenye malori ya samaki hawajawaletea habari hii, maana wale hawajui kupunguza.

Mnaijua kazi yangu hapa Migori. Natunza kituo cha mifugo cha serikali: ua, birika la maji, josho, na fahali mmoja mkubwa wa rangi ya udongo mwekundu, mwenye chapa ya serikali pajani. Watu huleta ng'ombe zao kwake, wao wanapata ndama wazuri, mimi napata mshahara. Fahali huyo haruhusiwi kutoka nje ya ua bila kibali. (Hapo pakumbukeni.)

Asubuhi DO, mkuu wa tarafa yetu, akaniita.

"Odhiambo, leo anakuja mkaguzi wa hesabu za serikali kutoka Nairobi. Kila kilichonunuliwa kwa pesa ya serikali anataka kukiona kwa macho yake. Fahali yuko?"

"Yuko, bwana."

Na kweli alikuwa yuko. Yuko Kegonga.

Dada yangu ameolewa kule. Mwezi uliopita baba mkwe wake, Mzee Marwa, alikuja kunitembelea, akakaa kwenye kiti changu, akamsifu fahali yule mpaka chai ikapoa. Kwetu mkwe akisifu kitu namna hiyo ameshakiomba, na ukimwacha aende mikono mitupu, dada yako ndiye atakayesikia maneno. Nikampa fahali kwa wiki moja, bila kibali. Wiki ikawa ndefu. Kila mwenye ng'ombe jike kule Kegonga alitaka ndama wa serikali, na Mzee Marwa naye hakuweza kuwanyima majirani zake.

Nikamuuliza DO, kwa ujanja, kama hawezi kumwomba mkaguzi aahirishe kidogo. Akanicheka.

"Yule si mtu wangu. Si mtu wa DC. Hata waziri hawezi kumwambia aandike nini. Akiandika mali imepotea, imepotea, na wewe umepotea nayo."

Kazi hii ndiyo inayomlisha mke wangu, watoto na mama yangu. Kumleta fahali kutoka Kegonga kabla ya mchana haikuwezekana. Hapo ndipo akili iliponiambia: Odhiambo, fahali ni fahali tu. (Akili hiyo sijui niliiokota wapi.)

Jirani yangu Mzee Okelo ana fahali wa kupigana anayeitwa Rakwaro. Rangi ni ileile, nundu ni ileile, ila huyu ni mwembamba kidogo na macho yake hayana adabu. Mzee anampenda kuliko redio yake. Nikaenda kumwambia kwamba kuna mgeni mkubwa wa Nairobi anayetaka kuona fahali bora wa Migori. Uongo haukuwa mwingi.

"Mtu ya Nairobi anataka kuona Rakwaro?" akauliza. "Omera, ndugu yangu, kwa nini hukusema jana nimuogeshe? Chukua. Lakini usimfunge na kamba mbaya."

Nikamleta uani. Nikampaka matope pajani, pale ambapo chapa ingekuwa. Nikarudi nyuma nikamtazama, nikafurahi kabisa. Nilijiona mtu mwenye kichwa.

Baada ya chakula cha mchana Landrova ikaingia. Mkaguzi mwenyewe, Bwana Kioko, ni mtu mfupi, mpole, mwenye miwani. Nikamletea soda.

"Asante, lakini hapana," akasema. "Hatunywi cha mtu tunayemkagua."

Alikuwa na maji yake mwenyewe kwenye chupa. Akaona ua, akaona birika, akaona josho. Akaingia stoo, akaona hadi chuma cha kupigia chapa. Kisha akafika kwa fahali, na hapo akasimama muda mrefu kuliko aliosimama kwenye birika.

"Huyu ndiye fahali wa serikali?"

"Ndiye, bwana."

"Una hakika?"

"Nimemlea kwa mikono yangu." (Mungu anisamehe.)

"Naona amekonda."

"Ni kazi, bwana. Anafanya kazi sana."

"Na chapa yake?"

"Iko hapo chini ya matope."

"Mwoshe."

Nikaosha. Niliosha polepole sana, nikitumaini jioni itaingia. Paja likatoka safi, halina hata mchubuko. Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba mvua za huku ni kali, zimeifuta chapa. DO, aliyekuwa amesimama kando, akaanza kuchunguza viatu vyake.

Bwana Kioko akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa vizuri sana.

"Mali ya serikali haiwezi kukaa bila alama," akasema. "Chuma nimekiona stoo. Washa moto. Tumpige chapa upya sasa hivi."

Nikawasha moto. Watu walioleta ng'ombe zao joshoni wakasogea kuangalia. Na ni nani akaingia langoni wakati huohuo? Mzee Okelo, amevaa koti lake la kanisani na kofia, amekuja kusikia Rakwaro akisifiwa. Alikuwa anatabasamu. Akaona moto, akaona chuma, tabasamu likaondoka.

"Odhiambo, hiyo chuma ni ya nini?"

"Mzee, nitakueleza baadaye."

"Tunampiga chapa fahali wa serikali, mzee," Bwana Kioko akamwambia kwa heshima.

"Ng'ombe ya serikali iko wapi? Hii ni yangu. Hata mama yake amezaliwa kwangu."

Hakungoja jibu. Akaweka vidole mdomoni, akapiga mluzi, akamwita kwa Kijaluo: "Rakwaro, wadhi dala." Yaani twende nyumbani. Na Rakwaro ni mtoto mtiifu.

Shida ni kwamba kamba nilikuwa nimeizungusha mkononi mara kadhaa, ili nionekane mlezi wake. Akanivuta kifudifudi, akanipitisha kwenye matope yote ya birika, tukavuka ua wote mbele ya watu, na njiani nikasikia suruali ikiachana kutoka kiunoni hadi gotini. Aliposimama, mimi nilikuwa miguuni pa Mzee Okelo, naye Rakwaro alikuwa anamlamba koti.

Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto.

Bwana Kioko akaja akachuchumaa karibu yangu.

"Bwana Odhiambo, wewe ulidhani natoka Nairobi moja kwa moja. Mimi nilianzia Kegonga, kukagua zahanati. Fahali wa serikali nilimwona kule jana. Ana chapa, ameshiba, na Mzee mmoja anayeitwa Marwa alinionyesha foleni ya ng'ombe wanaomngoja. Hapa nilikuja kuuliza tu kwa nini yuko kule. Nikakuta umenitafutia wa pili. Kwetu sisi mali ikizidi ni swali, kama vile ikipungua. Ningeandika serikali ina mafahali wawili, huyu mzee angemdai nani?"

Nikamweleza yote palepale matopeni: dada, mkwe, chai iliyopoa. Akaniuliza kama nililipwa chochote. Nikamwambia hata kuku sikupewa. Akageuka akatazama upande wa josho, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. DO yeye hakujificha, alicheka mpaka akashika nguzo ya ua.

Basi kazi ninayo bado. DO amenipa onyo kali, na kesho alfajiri naenda Kegonga kwa miguu kumrudisha fahali. Mzee Okelo naye amenisamehe, lakini si kwa ajili yangu. Kabla ya kupanda gari, Bwana Kioko alimshika Rakwaro shingoni akasema katika safari zake zote hajaona shingo kama ile. Mzee sasa anapita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu kwamba serikali ilimtaka fahali wake, yeye akakataa.

Mimi nimeoga, nimekula, nimetulia. Kwa kweli nina furaha, maana mchana wa leo nilikwisha kujihesabu mtu asiye na kazi. Mke wangu yuko pale mlangoni na sindano na uzi, anacheka peke yake akidhani simsikii. Nyinyi msicheke. Bwana Kioko alinisomea alichoandika: fahali alitoka bila kibali, mtunzaji alisema uongo, lakini hakuna mali ya serikali iliyoharibika. Hapo amesema kweli. Suruali ilikuwa yangu.