Nimeikosea Nini Minnesota

Alhamisi, 16 Januari 2025

Nimeshtakiwa. Shambulio, daraja la tano. Niliisoma karatasi mara mbili, maana shuleni kwetu daraja la nne lilikuwa mkosi na la tano halikuwepo kabisa. Mimi, Geofrey, niliyemaliza kidato cha nne kwa daraja la kwanza! Baadaye nikaelewa kwamba hapa la kwanza ndilo baya na la tano ndilo dogo. Likizidi sana, siku tisini jela. Nikapumua kidogo.

Chanzo ni theluji. Nilichimba saa nzima kusafisha nafasi ya gari langu nyuma ya jengo letu hapa Columbia Heights. Nikaenda kulichukua gari barabarani. Kurudi, Nahashon, yule Mkenya wa ghorofa ya chini, kashaingiza lake. Nikamwambia nafasi ni yangu. Akanijibu, "Kwani hii parking umenunua?" Nikamsukuma. Kidogo. Mengine yalifanywa na barafu. Kifundo chake cha mkono kikateguka, na jirani mmoja akapiga simu polisi.

Askari akaniambia nina haki ya kunyamaza. Haki gani hiyo? Kwetu anayenyamaza ndiye mwenye hatia. Nikaeleza dakika arobaini. Nikamwonyesha na jinsi nilivyosukuma, kwa kumgusa begani. Hakupenda.

Binti yangu Doris asijue.

Jumanne, 28 Januari 2025

Mahakamani. Kesi imeandikwa Jimbo la Minnesota dhidi yangu. Nilitafuta jina la Nahashon kwenye nafasi ya mlalamikaji, halipo. Nikamuuliza wakili: nimeikosea nini Minnesota? Sijawahi hata kuchelewesha kodi.

Wakili ni wa bure. Anaitwa Lynette, mama yake ni wa hapa na baba yake Mkenya, na Kiswahili chake ni cha kuombea maji. Nilimuuliza nani anamlipa. Akasema serikali. Na mwendesha mashtaka? Serikali. Na jaji? Serikali. Nikanyamaza, kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze. Timu zote mbili na refa wanakula chungu kimoja!

Akanieleza kwamba Nahashon ni shahidi tu, hata akitaka hawezi kuifuta kesi. Kisha akasema jambo lililoniondolea usingizi. Hapa kuna serikali mbili, ya jimbo na ya shirikisho. Naweza kukiri kosa dogo kwa jimbo, nikarudi nyumbani bila kulala jela hata siku moja, na bado shirikisho likanihesabia nitakapoomba uraia. Ni kama mume wa wake wawili. Ukimaliza ugomvi nyumba kubwa, hujamaliza nyumba ndogo.

Nina kadi ya ukaazi tu. Doris yuko Musoma kwa mama yangu tangu ana miaka minane. Sasa ana kumi na tisa. Nikipata uraia kabla hajatimiza ishirini na mmoja, anakuja upesi. Akishatimiza, anaingia foleni ya miaka. Anatimiza Agosti mwakani. Fomu za uraia ziko mezani kwangu, nimejaza nusu.

Jaji ameniachia kwa sharti. Nisiwasiliane na Nahashon kwa mdomo, kwa simu, wala kwa kumtuma mtu.

Jumatano, 29 Januari 2025

Sharti rahisi kwa anayeishi mbali. Sisi tunatumia mlango mmoja na chumba kimoja cha kufulia. Leo nimejibanza nyuma ya mashine ya kukaushia dakika ishirini huku Nahashon akikunja mashuka. Anakunja polepole, kwa mkono mmoja. Nilimwonea huruma sana.

Kisha nikatoka nje, nikakuta gari lake kwenye nafasi yangu. Huruma ikaisha. Anajua siruhusiwi kusema. Niliandika kikaratasi cha kubandika kwenye kioo chake, nikakumbuka amri, nikakichana.

Alhamisi, 13 Februari 2025

Lynette amepiga simu. Amepigana, lazima niseme. Mwendesha mashtaka amekubali kuiweka kesi pembeni mwaka mmoja. Sikiri chochote. Nikikaa mwaka bila kosa na bila kumsogelea Nahashon, kesi inafutwa. Tunasaini Jumatatu ya tarehe 24. Amemuuliza hata mwanasheria wa uhamiaji wa ofisini kwao, na huyo naye kasema njia ndiyo hiyo.

Nikapiga hesabu kwa vidole. Mwaka mmoja ni Februari mwakani. Doris anatimiza Agosti. Inabaki miezi sita ya kupata uraia. Lynette akasema inabana lakini inawezekana. Mimi siwekezi mwanangu kwenye inawezekana.

Jioni Doris akapiga. Amenunua koti zito mtumbani, anataka nimwambie kama linatosha kwa baridi ya huku. Nikamwambia linatosha. Halitoshi hata kidogo.

Lazima kesi iishe sasa.

Jumapili, 16 Februari 2025

Nimepata ufumbuzi. Nashangaa nilichelewa wapi.

Baada ya ibada nimempigia Mzee Khalfan wa Saint Paul, mwenyekiti wa chama chetu cha Watanzania. Zamani alikuwa karani wa baraza la kata kule Tanga, na amenihakikishia kwamba katika miaka kumi na moja hakuona kesi ya kusukumana iliyovuka kikao cha pili. Watu wanakaa, mkosaji anakiri, anaomba radhi, hati inaandikwa, inapigwa muhuri. Hakimu akiiona hati anashukuru kwa kupunguziwa kazi.

Akaongeza kwamba ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Hapo ndipo nilipoiona kesi yote. Minnesota haikushika jembe! Tutaishikisha.

Nilimkumbusha amri ya jaji. Akauliza jaji ni wa kaunti gani. Anoka, nikasema. Akasema yeye anaishi kaunti ya Ramsey. Kata nyingine, baraza jingine. Nilitamani Lynette angemsikia.

Jumamosi, 22 Februari 2025

Siku njema kuliko zote tangu mwaka uanze.

Mzee Khalfan ndiye aliyempigia Nahashon. Nahashon alikuja kwa Mzee, Saint Paul, na mkewe, Lois, ambaye aliuliza mara mbili kama haya yanaruhusiwa. Mzee Khalfan akamjibu kwamba kupatana hakujawahi kukatazwa na serikali yoyote. Nilileta mguu wa mbuzi. Nahashon alikula kwa mkono wa kushoto, sahani mbili.

Nikasimama nikaomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno, yakanipotea. Nikasema tu kwamba nilichoka na theluji, na kwamba nilipomwona akikunja mashuka kwa mkono mmoja niliona aibu. Nahashon akasema, "Bro, hiyo kitu iliisha kitambo. Mimi ndio niliku-provoke." Tukakumbatiana. Nililia.

Hati tukaandika hivi: Mimi Geofrey, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa, nakiri kwamba nilimsukuma Bwana Nahashon kwa hasira, akaumia, naye amenisamehe. Sahihi yangu. Sahihi ya Nahashon. Sahihi za mashahidi. Tarehe na mahali. Muhuri wa chama, wino wa zambarau, umekaa vizuri kabisa, haukupinda.

Usiku nimeitafsiri kwa Kiingereza mwenyewe, neno kwa neno, ili mwendesha mashtaka asije akasema hakuelewa.

Jumatatu, 24 Februari 2025

Wameniruhusu karatasi na kipande cha penseli. Naandika nikiwa ndani.

Asubuhi nilimkuta mwendesha mashtaka koridoni, mama mmoja mpole mwenye miwani. Lynette alikuwa bado anaegesha gari. Nikaona nimwokolee muda, nikamkabidhi mama nakala mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Aliisoma ya Kiingereza mara mbili. Akaniuliza kama nina wakili. Nikasema ninaye, lakini hatutamhitaji tena. Akanishukuru kwa adabu sana.

Lynette alipoonyeshwa hati alikaa chini kwenye benchi. Akaniuliza kilichotokea, nikamweleza habari ya mbuzi na ya kaunti ya Ramsey. Akafunika macho.

Ofa imeondolewa. Kukiri kwangu kumo kwenye karatasi, na karatasi hiyo hiyo ndiyo ushahidi kwamba nimevunja sharti, pamoja na tarehe, mahali na mashahidi. Jaji akauliza kama ni kweli nilionana na Nahashon. Lynette akaninong'oneza nisijibu. Lakini jaji ni mtu mzima, kauliza vizuri. Nikajibu kwamba ni kweli, na kwamba alikula sahani mbili.

Dhamana imefutwa. Mpya ni kubwa, sina uwezo nayo. Muhuri hawakuutazama hata kidogo.

Jumatano, 26 Februari 2025

Lynette amekuja. Macho mekundu. Sikujua kwamba anaumia hivyo kwa ajili yangu, na nimejuta kumhesabu na timu ile nyingine.

Anasema bado kuna tundu. Dogo. Mwendesha mashtaka si mtu mbaya, amesoma pale mahali Nahashon aliposamehe, na anaweza kuirudisha ofa tarehe 10 Machi. Kwa hiyo kazi yangu ni moja. Ninyamaze. Nisizungumze kesi na mfungwa mwenzangu, askari, wala kwenye simu, maana simu zote za humu zinarekodiwa. Na nisimguse Nahashon, kwa sababu sasa ameitwa rasmi kutoa ushahidi, na kumfundisha shahidi cha kusema ni kosa jingine, zito, ambalo shirikisho halitalisahau. Nikiharibu safari hii, alisema, tusihesabu tena miezi ya Doris.

Alinifanya nirudie maneno hayo. Nikayarudia yote. Nikamwapia kwa jina la mama yangu.

Jumamosi, 1 Machi 2025

Siku ya tatu ya kunyamaza. Ni kazi ngumu kuliko kuchimba theluji. Nimewaza sana.

Kinachonisumbua ni Nahashon. Mtu mwoga yule, karatasi ya mahakama itamchanganya. Akifika mbele ya jaji atasema chochote. Na Doris atakuwa amenitafuta wiki nzima, simu yangu iko kwenye mfuko wao wa plastiki. Nani atamwambia?

Basi leo, zamu yangu ya simu ilipofika, nimempigia Nahashon. Namba yake naijua kwa kichwa, ameibandika kwenye kioo cha gari. Alishtuka, akaniuliza kama naruhusiwa. Nikamtuliza. Nikampa namba ya Doris, nikamwomba ampigie, amwambie baba yuko safarini na koti alitunze. Kisha nikamweleza taratibu cha kusema akiulizwa: aliteleza mwenyewe, sikumgusa. Nikamfanya arudie mara tatu mpaka akashika. Tumeongea dakika kumi na tano, zote nilizopewa.

Juu ya simu kuna bango kwamba kila neno linarekodiwa. Vizuri sana. Safari hii watatusikia kwa masikio yao tunavyopendana, na wala sitahitaji muhuri.