Hatua ya Papa Magloire Siku Albamu ya Les Rochers Ilipotoka

Sogeeni, enyi wa milimani na wa msituni, wachungaji wa Kirolirwe na walima mihogo wa Kibua, nanyi mnaopita tu na mzigo kichwani, tueni mzigo. Kwa maana nitasimulia tendo ambalo falme nyingi zilisimama na kuanguka bila kulitenda. Sisimulii ya kuambiwa. Nilikuwepo, nimeketi juu ya gunia la maharagwe la mtu mwingine.

Hapo kale, gita la umeme lilipokuwa bado jambo la kushtua ng'ombe, iliinuka kwetu Kibabi orkestra ya muziki wa roki, Les Rochers, Miamba Isiyotikisika. Mbele walisimama mashujaa wawili: Magloire, Bwana wa Nyuzi, ambaye gita lake lililia hata mbuzi wakaitikia, na Honoré Koo-la-Radi, ambaye akiimba bondeni mabati yalijibu ng'ambo. Nyuma yao alikaa Benoît, mpiga ngoma, mtu asiyependa maneno. Miamba hiyo haikuvunjwa na vita wala njaa. Ilivunjwa na picha. Mpiga picha alikuja, akawaambia wajipange, na Magloire akasimama katikati, na Honoré akasimama katikati, na kwa kuwa katikati ni moja tu, walisukumana mpaka mpiga picha akafunga vyombo vyake akaenda zake. Honoré akashuka Walikale, akalima mihogo Kibua, na kwa muda wa mtoto kuzaliwa, kukua na kuoa, wawili hao hawakusalimiana.

Basi mwaka huu Magloire aliona vidole vyake vinaanza kukakamaa, akatambua kwamba ugomvi usipozikwa sasa utazikwa pamoja naye. Akajifunga kiuno, akashika fimbo, akavuka milima na matope yanayomeza pikipiki nzima, mpaka Kibua. Nasikia Honoré alimpa sombe, mboga ya majani ya mihogo, kabla ya salamu, na kwetu hiyo ni salamu tosha. Wakarudi wawili, wakamtoa Benoît shambani, wakarekodi nyimbo zao zote katika chumba kilichozibwa kwa magodoro, na Jumapili ikatangazwa kanisani: album ya Les Rochers inatoka siku ya soko, wote waje.

Hapo ndipo adui alipojificha, ndani ya neno moja. Kwa maana kwetu mgeni akiingia nyumbani, chakula kikiwa bado jikoni, huwekewa albamu magotini: harusi hii, ubatizo ule, marehemu huyu alipokuwa bado mnene. Na Kibabi hakuna aliyewahi kusikia albamu inayotoa sauti.

Siku ikafika, na majeshi yakajaa uwanjani, kinamama wamevaa vitenge vya Pasaka, mikono imenawa, tayari kupokea. Benoît akachomeka kadi ndogo kwenye bafle, lile sanduku la kutoa sauti. Gita likalia, radi ikanguruma, wimbo ukaisha, mwingine ukaisha, na watu wakakaa kimya kwa adabu kama wanaongoja chakula. Hatimaye akainuka Mama Victorine, mkuu wa kinamama wa parokia, ambaye mapadri humwogopa kuliko askofu.

"Wapapa, milio tumesikia, asante," alisema. "Sasa mutuletee album."

Magloire akamweleza, kwa sauti ya mtu anayezama, kwamba hiyo njo album yenyewe, iko ndani ya kadi.

"Magloire, mutoto ya mama mudogo, miye niliacha shamba, nikaoga, nikavaa kitenge ya Paska. Album bila picha iko sawa sombe bila majani. Mulituita tukuje kuangalia chungu tupu?"

Uwanja ukavuma kama nyuki. Watu wa Kirolirwe wakaanza kutafuta fimbo zao waende zao. Mzee mmoja akasema, bila kushusha sauti, kwamba picha ingetoka wapi, hao tangu ujana katikati iliwashinda.

Ndipo Gentille, mpiga picha za harusi, akafungua mfuko wake wenye kamera na kimashine cha kutolea picha, akasema wapapa wasimame, jambo liishe.

Wakasimama. Na Magloire akasimama katikati. Na Honoré akasimama katikati. Mabega yale mawili yakagusana, yakakumbukana, yakaanza kusukumana polepole, kwa heshima ya uzee. Benoît akatazama vijiti vyake, akasema anawaza kurudi kwa maharagi yake. Na kila mtu alijua kwamba Miamba ikipasuka leo, hakuna atakayebaki na magoti ya kufika Kibua tena.

Kisha Magloire akafungua kinywa.

"Honoré, kaka yangu. Miguu yangu iliniuma mupaka Kibua juu ya kutafuta sauti yako. Haikuniuma juu ya katikati. Katikati iko mahali padogo, muntu hawezi hata kupanda vitunguu. Chukua."

Akauinua mguu wake wa kushoto, mguu ule uliokataa kupinda tangu mvua za mwanzo, akaupeleka pembeni, na dunia ikangoja, na mguu ukatua katikati ya mavi mabichi ya ng'ombe, wala hakuurudisha. Nimezurura mpaka miji yenye taa, nimeona wakubwa wakitia sahihi za amani mezani. Sijaona mmoja aliyekanyaga kitu.

Gentille akapiga. Picha ikatoka, ikapita mkono kwa mkono, ikipanguswa kwa kila kitenge, na bafle likaendelea kulia. Na watu, sasa wakiwa na kitu cha kuangalia, wakaanza kusikiliza. Mama Victorine akaisogeza picha karibu na macho.

"Huyu nusu ni nani? Naona sikio moja na kipande ya gita."

Honoré akainama, akaweka kidole juu ya lile sikio.

"Huyo njo Magloire," akasema. "Alisogea, akaniachia katikati."

Mama Victorine akaitazama tena, mguu wake ukipiga chini taratibu bila yeye kujua, akatoa hukumu ambayo hata leo haipingwi: "Album iko muzuri. Na milio pia, inaenda."

Na wanaoandika mambo makubwa wakiuliza ni nini kilitendeka Kibabi siku ile ya soko, waambiwe hivi: mtu alisogea.