Mifuko Minne ya Bibi Harusi

Jumatatu, 4 Aprili
Mvua, siku ya tisa. Uwanja umegeuka uji. Nashukuru nina kazi, na nashukuru zaidi kwamba farasi wangu ni sita tu. Sita wengine ni wa shemeji, mume wa dada yangu. Mama mwenye mazizi katangaza: kila kwato ichokolewe matope asubuhi na jioni, ikaushwe kwa kitambaa, na farasi alale pakavu. Kwato ishirini na nne, mara mbili kwa siku! Mgongo huu ni wangu, sikuuazima. Shemeji keshaanza, tena anapiga mluzi. Kujipendekeza tu.

Jumanne, 5 Aprili
Akili ni mali! Matope yasipoingia, utachokoa nini? Nimeanza na Bibi Harusi, yule jike jeupe, mzee, mpole, anayewabeba watoto wanaojifunza kupanda. Grisi kwato zote nne. Juu yake mifuko ya plastiki. Nikafunga kwa utepe wa gundi. Kapendeza! Anatembea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Shemeji kauliza kama nilizikausha kwanza. Nikamjibu asinifundishe kazi. Saa nzima nimepumzika. Asante Mungu kwa kunipa kichwa.

Alhamisi, 7 Aprili
Pana harufu zizini. Nimemshauri shemeji, kwa upole wote, afue soksi. Kasema kazifua jana. Tumenuniana mpaka mchana.

Ijumaa, 8 Aprili
Si soksi.
Bibi Harusi kasimama kwa miguu mitatu. Wa mbele kulia hataki hata uguse ardhi. Nikafungua mfuko: maji meusi, na kwato laini kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Hajala. Kaniegemezea kichwa begani, mimi niliyemfanyia haya! Nikalia. Kweli nililia. Shemeji kaniona, hakucheka. Heri angecheka. Kakimbia kumwita fundi wa kwato, kwa miguu, katika matope yale yale.

Jumamosi, 9 Aprili
Fundi ni mama mfupi mwenye mikono kama koleo. Kaubana mguu wa farasi mapajani, akakwangua kwa kisu kilichopinda. Kasema grisi haikuzuia maji kuingia, iliyazuia kutoka. Kwato ilizibwa ikiwa imelowa, ikaoza, na usaha ukajikusanya ndani. Katoboa kidogo tu. Usaha ukaruka moja kwa moja kwenye shati langu. Sijawahi kushukuru uchafu kama leo! Bibi Harusi akashusha pumzi ndefu, akaweka mguu chini, taratibu.

Mama mwenye mazizi kauliza nani alifunga ile mifuko. Shemeji akajibu, "Tulizembea sote, Mama. Mimi niliiona, nikanyamaza."

Uongo! Hakunyamaza hata kidogo. Nikajisikia nikisema ni mimi peke yangu. Ulimi ulitangulia, akili ikaja baadaye ikihema. Adhabu: nimuuguze Bibi Harusi mpaka apone, na nimwage changarawe langoni, pale farasi wanaposimama na kukanyaga matope siku nzima. Sikufukuzwa! Nimewashukuru wote, hata fundi, ambaye kaniambia nisimkaribie.

Jumatano, 13 Aprili
Siku ya nne ya kuchokoa, kukausha, kubadilisha bandeji, kumtandikia maranda makavu. Mgongo unauma, sisemi kitu. Leo kamaliza ndoo nzima ya chakula, akapita juu ya changarawe bila kuchechemea! Dada kaniagiza nimwombe mumewe radhi. Nimemwomba. Kasema farasi akipona, tumepona sote, akanishikia ndoo. Nimejaribu kuendelea kumchukia. Nimeshindwa.

Alhamisi, 14 Aprili
Usiku nimewaza: shukrani za mdomoni ni nyepesi. Watu hawa wanastahili tendo. Basi asubuhi, kabla hajafika mtu, nimechukua jembe nikachimba mfereji kutoka katikati ya uwanja. Sikumuuliza yeyote, jambo la kushtukiza haliulizwi. Maji yametii mara moja! Uwanja unakauka mbele ya macho yangu. Yanateremka kwa kasi, yanapita kona, yanaingia ofisini kwa Mama.

Mama yupo. Anaita jina langu. Kiti kimoja kimeelea mpaka mlangoni, nadhani ni changu. Naenda kupokea asante yangu.