Upinde Chini ya Jiko

Injinia, jina alilojipa mwenyewe, alimtambua mwenye tamaa kwa jinsi anavyotazama sakafu. Mwenye nyumba yule alikuwa akigonga saruji ya jikoni kwa mpangaji wake kwa kisigino, sikio kalitega, akiamini marehemu baba yake alifukia mali humo. Mtu kama huyo huna haja ya kumtega. Unafungua mfuko tu, anaingia mwenyewe.

Kesho yake Injinia akaleta rada: kisanduku cha magurudumu kinachopeleka mawimbi ardhini na kuonyesha kwenye kioo vitu vilivyojificha chini. Alikipata kwenye mnada wa vikorokoro, na kati ya vitufe vyake alikijua kimoja, cha kuwashia. Ujira wake ulikuwa pikipiki ya mwenye nyumba, funguo kwanza. Bahili huyo akazitoa papo hapo, yeye ambaye mwaka mzima alikataa sakafu iguswe ili bomba la maji machafu lizibuliwe.

Injinia akakisukuma kisanduku mbele na nyuma, uso kaukunja kama mfiwa. Kiooni ikatokea michirizi, na katikati upinde mmoja mweusi. Akachora alama ya chaki.

"Mzee, hicho ni chungu, kimefunikwa kifudifudi. Chimba taratibu, hata wiki nzima."

Wiki nzima ingemtosha kufika mbali. Mwenye nyumba akamwamuru mpangaji, mama mfagiaji wa ofisi, afungashe virago siku hiyo hiyo, kisha akakimbilia sururu.

Mama alikuwa ameukazia macho ule upinde. Akamsogeza mtoto mgongoni.

"Kaka yangu, umejuaje? Mimi ndiye niliyemshikia marehemu ndoo ya saruji alipofukia kasha lake. Hapo hapo penye chaki. Nitanyamaza, ila mwambie mwenye nyumba mimi sihami."

Injinia hakuwa amewahi kusema kweli kwa bahati mbaya kabla ya siku hiyo, na utamu wa kupatia ukampanda kichwani. Mwenye nyumba aliporudi, akaelezwa kwa unyenyekevu mkubwa kwamba mtaalamu amekosea: lile ni shimo la hatari chini ya msingi. Atalijaza mwenyewe, bure, kulinda jina lake. Pikipiki hii hapa. Mama abaki, maana nyumba tupu huvutia maswali. Mwenye nyumba akanyakua funguo, akaondoka mbio kabla mtaalamu hajapata akili.

Injinia akavua shati. Akapasua saruji, akachimba hadi kiunoni, viganja vikamchubuka. Sururu ikagonga kitu kigumu. Akaikita kwa nguvu zake zote.

Uchafu wa mwaka mzima ukamrukia usoni.

Mama alikuwa tayari na ndoo, mfuko wa saruji, na kipande cha bomba alichokinunua zamani kikingoja ruhusa.

"Kazini kwetu napiga deki chumba cha wapima mabomba, kaka. Mashine kama yako wanazo mbili. Kila upinde kama ule, wanachimba wanakuta bomba."

Injinia akatazama mlango, akatafuta kisanduku chake.

"Nimekifungia chumbani," mama akasema. "Utakichukua saruji ikikauka. Na uisawazishe vizuri. Mtoto ndiyo kwanza anatambaa."