Vioo Viwili vya Abiria wa Nyuma

Unterbrühl, 12 Agosti

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wapenzi wa Magari ya Zamani,
Unterbrühl.

YAH: VIOO VIWILI VYA PEMBENI VILIVYONG'OLEWA BILA IDHINI YA ANAYEKAA NYUMA

Ndugu Mwenyekiti Zwink,

Nakusalimu, na nakupa pole kwa joto hili. Mimi ni Irmtraud Pfleiderer, mjane wa marehemu Gotthilf Pfleiderer, aliyekuwa katibu wenu kwa miaka kumi na tisa. Nina umri wa miaka sabini na tisa. Si kawaida yangu kuandika barua za malalamiko, ukiacha ile ya kengele ya kanisa, na zile tatu kuhusu jirani yangu na zamu yake ya kufagia ngazi. Zote nne zilikuwa za haki.

Gari ninalolizungumzia unalijua: la milango miwili, rangi ya chungwa, ambalo marehemu alilinunua likiwa jipya mwaka 1971. Alipofariki miaka mitatu iliyopita likaenda kwa mkwe wangu Volkmar, mume wa binti yangu Dorothee. Sina ubaya na Volkmar. Analiosha, analifunika, na kila Jumapili baada ya chakula cha mchana ananichukua. Yeye anaendesha, Dorothee anakaa mbele, mimi nakaa nyuma na keki mapajani. Tunapanda milima hadi Gammelsberg, tunaila keki kwenye benchi, tunarudi. Namba zetu za usajili ni za msimu, gari linaruhusiwa barabarani Aprili hadi Oktoba tu, kwa hiyo nina Jumapili kama thelathini kwa mwaka. Siku nyingine hakuna anayenipeleka popote, labda kwa daktari wa masikio.

Sasa basi. Kwenye kikao chenu cha Juni pale baa ya Hirsch, wewe mwenyewe ulimwambia Volkmar, naye akanirudia neno kwa neno: “Ng'oa vile vioo vidogo vya nyuma, shusha vya milangoni, hapo una gari la wazi na paa hujaligusa.” Jumamosi iliyofuata akalala chali kwenye kiti changu, akavisukuma kwa miguu, soksi zikiwa miguuni, hadi vikatoka kwenye mipira yake. Nilipoomba virudishwe, binti yangu niliyemzaa mwenyewe akanijibu: “Mama, kama upepo unakusumbua, si ubaki tu nyumbani? Tutakuletea keki.”

Keki hiyo naioka mimi. Siwezi kuletewa. Kwa hiyo naweka malalamiko yangu mbele yako kwa mpangilio.

1. Umiliki. Vioo vya mbele ni vya wanaokaa mbele, hilo sina neno. Kioo cha nyuma kabisa ni cha dereva, kwa kuwa yeye ndiye anayekitazama. Lakini vile viwili vya pembeni vinamhusu nani? Volkmar hawezi kuviona bila kugeuka, na akigeuka tutaingia mtaroni. Ni vyangu, na hakuna aliyeniuliza.

2. Upepo wa kupenya. Hapa naomba usome polepole, maana mkwe wangu hajaelewa hadi leo. Kila asubuhi saa moja kamili, Januari kama Agosti, nafungua madirisha yote ya nyumba yangu kwa dakika tano, theluji iingie ikitaka. Volkmar akalishika hilo kama wakili: “Mama, mbona nyumbani unafungua yote na hufi?” Nikamwambia ile ni hewa, huu ni upepo. Hewa inaingia, inakaa kidogo, inaondoka kwa heshima. Upepo wa kupenya unaingia huku na kutokea kule, na shingo ya mtu ipo katikati. Shangazi yangu Lydia alikaa saa nzima kwenye treni karibu na dirisha lililoachwa wazi kiasi cha kidole, na kuanzia Pasaka hadi mavuno hakuweza kutazama kushoto. Hicho ni kidole kimoja. Mimi nina matundu mawili, kila moja la ukubwa wa sinia.

3. Keki. Ilikuwa ya plamu, na juu yake chenga za siagi na sukari. Tulipofika mwendo wa kilomita sabini chenga zote ziliondoka, nyingi zikaingia kwenye kola ya Volkmar. Nyigu akaingia upande wa kushoto, akala alichotaka, akatokea kulia bila haraka. Jumapili ya pili walikuja watatu, na mmoja tukarudi naye mpaka nyumbani.

4. Nywele. Nasetiwa kila Ijumaa. Msusi wangu ameniuliza kama nimeanza kugombana na mtu.

5. Watu. Kwa miaka yote ambayo vioo vilikuwepo, hakuna mtu asiyenijua aliyewahi kunisemesha ndani ya gari lile. Sasa tukisimama kwenye taa, kila mtu ana neno. Mwendesha baiskeli mmoja aliegemeza kiwiko kwenye tundu la kushoto akaniuliza, “Mama, mnaelekea wapi na keki nzuri hivyo?” Nikalazimika kumjibu. Kumbe mkewe ni mtu wa Gammelsberg, kwa hiyo nikalazimika pia kumuuliza ni ukoo gani. Mazungumzo yalichukua taa nyekundu yote na sehemu kubwa ya kijani, huku wa nyuma yetu wakipiga honi. Wiki iliyopita mzee mmoja aliyekuwa juu ya trekta alinirushia matofaa matatu mapajani. Hakujitambulisha. Nimeyala kwa sababu si vizuri kutupa chakula.

6. Sauti. Zamani waliokaa mbele walizungumza yao na mimi nilikuwa na yangu. Siku hizi kwa ajili ya upepo inabidi wapayuke, nami nasikia yote. Ndivyo nilivyojua kwamba saladi yangu ya viazi ina siki nyingi. Binti yangu ameila miaka arobaini na nane bila kusema, na ningependelea kufa bila kujua. Isitoshe nami nalazimika kupaza sauti, jambo ambalo sijalifanya tangu mwaka 1958. Kwenye ule mteremko mrefu wa kutoka Gammelsberg, kinywa changu kilitoa kitu ambacho Volkmar anawaambia watu kilikuwa kigelegele. Lilikuwa onyo. Na aliponiuliza kama turudi juu tuteremke tena, nilikubali ili apate nafasi ya kurekebisha mwendo wake.

7. Mbwa. Kila nikilalamika naambiwa, “Lakini Kuno wa Mwenyekiti anakaa nyuma vilevile, na hajasema kitu.” Kwa heshima zote kwa Kuno, mimi si mbwa. Ila nimemwona kwa macho yangu kwenye maandamano ya magari ya Julai, amevalishwa miwani ya upepo yenye mkanda wa ngozi. Mimi sijapewa miwani. Naomba chama kieleze kwa maandishi ni kwa kigezo gani.

Kutokana na haya, naomba yafuatayo. Chama kipitishe kanuni kwamba hakuna kioo cha nyuma kitakachong'olewa bila sahihi ya anayekaa nyuma. Wanaokaa nyuma waandikishwe kuwa wanachama kamili wenye haki ya kupiga kura. Kwa hesabu yangu tuko tisa, yaani mama wakwe sita, mashangazi wawili na Kuno. Kura ya Kuno sitaipinga, mradi asipige mara mbili. Na kiti kimoja cha kamati kiwe chetu, kiti cha nyuma kikifaa.

Nisipojibiwa hadi mwisho wa mwezi, nitawaandikia wakaguzi wa magari kwamba gari lililosajiliwa kwa namba za magari ya kihistoria linatembea likiwa pungufu ya vioo viwili vya asili. Najua watalinyang'anya namba hizo. Najua pia Volkmar atalifungia gerejini kwa hasira, nami nitazikosa Jumapili zangu zote pamoja na vioo. Hilo nimelifikiria usiku na mchana, na roho inaniuma kulifikiria, lakini haki ni haki.

Nisalimie mkeo, wajumbe wote wa kamati, mwenye baa ya Hirsch na wahudumu wake, na Kuno.

Ni mimi, mwenye kudai chake kwa adabu,

Irmtraud Pfleiderer
(kiti cha nyuma, upande wa kulia)

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua kwa mvuke wa birika. Volkmar ametoka hapa sasa hivi. Alisimama mlangoni kofia mkononi akasema, “Basi Mama, umeshinda. Safari bila wewe si safari. Navirudisha leo leo.” Ameshuka kwenye chumba cha chini cha nyumba yangu, alikoviweka tangu Juni, kuvichukua.

Hatavipata. Tangu Jumatatu viko kabatini kwangu, nyuma ya makoti ya baridi, nimevifunga ndani ya pajama za Gotthilf. Kwa hiyo nakuomba sana barua hii usiisome kikaoni, na hiyo kanuni kama mnaipitisha ianze kutumika Novemba.

Nikueleze kitu, Ndugu Mwenyekiti, kwa kuwa ulimfahamu. Miaka arobaini na sita nilikaa mbele kwenye gari lile, kando ya mume wangu, na katika majira yote hayo ya joto hatukuwahi kushusha kioo hata kiasi cha unene wa ukucha, kwa sababu ya shingo yake. Nilijifunika leso, nikajifuta jasho, nikatazama nyasi zikikatwa nje bila kujua zinanukiaje. Alikuwa mwanamume mwema, namlilia mpaka leo, na kama angekuwepo ningekaa naye na vioo vimefungwa.

Volkmar anaita kutoka chini, anauliza kama nimeviona popote. Namjibu kwamba sijaviona.

Shingo ilikuwa yake. Yangu haijawahi kuuma hata siku moja.