Kiti Chepesi cha Rukiyo

Jumatatu, 6 Aprili 2026

Siku mbaya. Nimeanza shajara. Naandika kwa Kiswahili ili Hooyo asisome. Kiswahili cha mama yangu ni cha kununulia nyanya tu.

Nimemwacha dada yangu Rukiyo juani. Si kwa makusudi! Nilikuwa namsukuma kutoka kibandani kwake, anakoshona sare za shule. Tulipofika mbele ya duka la dawa nikamwona jamaa anayeuza miwani ya jua kwa jumla. Nikamwambia Rukiyo dakika mbili. Mazungumzo yakanoga. Niliporudi kivuli kilikuwa kimehama na yeye amebaki palepale, magurudumu yamezama mchangani. Miguu yake haifanyi kazi tangu lori la mbuzi lilipopinduka njia ya Wajir. Kiti chake ni cha chuma, kizito, magurudumu madogo, hakiendi bila mtu wa kukisukuma. Mtu huyo ni mimi.

Hakunilaumu. Aliniomba tu nimpeleke nyumbani. Afadhali angenitukana.

Naona aibu. Nimeshindwa kula. Nimekula anjera mbili tu, na ya Rukiyo.

Miwani nimenunua. Katoni nzima.

Jumanne, 7 Aprili

Rukiyo amesema nami wakati wa chai. Anataka kiti kingine. Chepesi. Magurudumu makubwa nyuma, yenye bangili za kushikia, ili ajisukume mwenyewe. Ya mbele yawe mapana yasizame mchangani. Kikunjike kiingie kwenye tuktuk. Ameshaulizia, kuna duka mjini linaviuza. Lakini amesema mara tatu kwamba lazima apimwe yeye: nyonga, mapaja, mgongo. Akaniomba nimpeleke. Nikakubali.

Nikamuuliza ana haraka gani. Akasema wazazi wa watoto wa shule hufika kibandani asubuhi, wakikuta kufuli wanaenda kwa fundi mwingine. Kufuli iko pale kwa sababu mimi nimelala. Hilo la mwisho hakulisema. Nilijisemea mwenyewe, nikaona haya, nikamwaga chai.

Bei si ya mchezo. Lakini nina wazo! Binamu yangu Hared, karani wa kaunti, mwaka jana alichangisha tangi la maji la msikiti. Tangu hapo watu wanamsalimia yeye kwanza hata nikiwa nimetangulia mimi. Basi nami nitachangisha. Nimeandika kwenye kundi la ukoo:

“Ndugu zangu, dada yetu Rukiyo anahitaji kiti. Ameteseka vya kutosha. Wakati wa akina mama umefika. Tumuunge mkono.”

Nimeyasoma mara nyingi. Maneno mazito. Hared atajibeba.

Alhamisi, 9 Aprili

Ajabu! Simu hailali. Wametuma pesa wa Mandera, wametuma wa Takaba, wametuma watu ambao hata Hooyo hawajui ni wa nani. Mmoja wa Tarbaj ameandika kwamba Tarbaj yote iko nyuma ya Rukiyo. Nikafikiri wanataka kuja kumsukuma. Nikaguswa.

Jioni akaja Abdisalam, mwakilishi wa wadi yetu. Peke yake, bila wapambe, na gunia la sukari. Akamuuliza Hooyo habari za mbuzi, mmoja mmoja. Kisha akaniuliza pembeni kama Rukiyo amekusudia kweli. Nikasema amekusudia kabisa, kiti hiki amekitamani miaka. Akajifuta jasho. Akauliza kama kuna nafasi ya kuzungumza. Nikamwambia asihofu, dada yangu si mtu wa makuu, anataka kiti chepesi tu.

“Chebesi,” akasema, kwa lafudhi yetu ile ile inayotuponza shuleni. Akafikiri. “Kama kile cha kuteuliwa, kisichopigiwa kura?”

Hapo nikaelewa. Yote! Mwaka ujao ni wa kura. Huku kwetu kiti huanza kwa wazee kabla ya kufika kwa mpiga kura, na wazee ndio waliojaa kwenye lile kundi. Kumbe ukoo mzima unadhani dada yangu anagombea kiti cha Abdisalam. Hata ningeandika Kisomali nisingepona. Kursi ni hiyo hiyo, ya kukalia na ya kugombea.

Nilipaswa kusema ukweli. Mdomo niliufungua. Ukasema kwamba tutalijadili kama familia.

Abdisalam akaniita msemaji wa familia. Sijawahi kuitwa msemaji wa chochote. Najionea aibu sana. Msemaji!

Jumamosi, 11 Aprili

Rukiyo ameniuliza twende lini kupimwa. Taabu. Nikimpitisha mjini watu watamsalimia kwa siasa, atajua. Nikamwambia kiti kitakuwa zawadi, nitakileta mwenyewe. Akasema hataki zawadi, anataka kupimwa. Nikamwambia aniamini. Alinitazama muda mrefu. Sikuweza kumtazama, nikajifanya nafunga kiatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Dukani muuzaji akaomba vipimo. Sina. Nikamwambia mimi na Rukiyo tumetoka tumbo moja. Akaniuliza kama tuna mwili mmoja vilevile. Nikasema karibu. Nikakaa mimi.

Raha! Chepesi kweli, nilikiinua kwa mkono mmoja. Nikazunguka duka lote. Kile chembamba kilinibana, nikachagua kipana, chekundu. Muuzaji akauliza tena kama nina hakika. Watu hawa hawana imani na wateja.

Hared amepiga simu. Anataka kujua Rukiyo anasimama kwa chama gani. Nikasema bado anashauriana. Akasema vizuri, kwa sababu kesho anawaleta wazee nyumbani kumsikiliza.

Nimezima simu.

Jumapili, 12 Aprili

Sijui niandikeje.

Walikuja wote. Mikeka ilijaa ua. Abdisalam alikaa karibu na lango. Adeer Bishar, mzee wetu mkubwa, aliketi katikati. Hasikii, na kazi yangu miaka yote ni kukaa kando yake nimwambie sikioni kinachosemwa.

Hooyo akamsukuma Rukiyo nje. Rukiyo alidhani wamekuja kukabidhi kiti. Hata hina alikuwa amepaka. Mzee mmoja akamsifu, akasema ujasiri wake umesikika mpaka mpakani. Kisha akamuuliza akipata kiti atafanya nini kuhusu visima.

Rukiyo akanitazama. Nikatazama mbuzi.

Hared, kwa upole wake ule wa ofisini, akamsomea ujumbe wangu wote, mpaka pale pa “tumuunge mkono”. Uso wa Rukiyo uliiva kuliko siku ile ya jua. Nilimwona akiwahesabu watu kwa macho, mmoja baada ya mwingine, watu wote wale waliokuja kwa ajili yake na si kwa ajili yake. Nilitamani kuwa mbuzi.

Akasema kwa sauti ndogo, “Mimi sigombei kitu. Nilitaka kiti cha kukalia, nijisukume mwenyewe, nisimngoje mtu.”

Adeer Bishar akanivuta mkono, akauliza amesema nini. Ua mzima ukanigeukia. Nikamnong'oneza. Hakusikia. Ikabidi nipaze sauti, mimi, mbele ya wazee wote, kwamba dada yangu alitaka kiti cha kukalia, asimngoje mtu.

Mzee akauliza kwani kile kingine hakikaliwi.

Rukiyo akawaambia waliotoa kwa ajili ya siasa wachukue chao, hana kinyongo. Hakuna aliyesogea. Nani atasimama mbele ya wazee adai pesa za kiti cha magurudumu? Abdisalam ndiye aliyepiga makofi kwanza. Akaongeza na mchango wake. Sijawahi kuona mtu akitoa pesa kwa furaha namna ile.

Nikaona nijiokoe. Nikakimbia ndani, nikatoka na kiti chekundu. Hooyo akambeba Rukiyo akamweka. Akapotea ndani yake. Pembeni palibaki nafasi ya mtoto mzima. Mikono yake ikawa inazitafuta zile bangili kwa mbali, viwiko juu. Alijaribu mara moja. Alijaribu tena. Kiti hakikuondoka.

Akaniuliza nani alipimwa.

Nikasema mimi.

“Basi ni chako,” akasema. “Kaa.”

Wazee wanatazama. Nikakaa. Kilinienea barabara.

Akaniambia nijisukume mpaka kibandani kwake nikamfungulie mlango. Kwa utulivu, huku akinipa ufunguo. Nikaondoka.

Ee Mola. Kumbe ule mchanga una kilima! Mikono iliwaka. Mtu nisiyemjua alikuja kwa nyuma akanisukuma bila kuniuliza, akanipeleka alikokwenda yeye, akaniacha nje ya msikiti. Nilimwita, hakugeuka. Mama mmoja akanipitia, akasema maskini, akaniwekea noti mapajani. Ningesimama. Ningemwambia miguu yangu ni mizima. Lakini Hared alikuwa anatoka msikitini, na kuliko anione nikisimama ghafla kama muujiza, nilishukuru nikaitia mfukoni.

Najichukia.

Jumatatu, 13 Aprili

Malengelenge mikono yote miwili. Kalamu inauma.

Mlango wa kibanda ni mwembamba, kiti chekundu kilikwama jana. Nilikiacha mlangoni nikarudi kwa miguu, nikipitia vichochoro.

Rukiyo ameenda dukani leo. Hakuniita. Hooyo na majirani walimsindikiza. Muuzaji amekipokea chekundu na kumpima yeye. Nasikia alimwambia Hooyo kwamba alijua tangu mwanzo, ila mteja alikuwa na hakika sana.

Usiku nilienda kumwomba radhi. Nilikuwa nimetayarisha maneno marefu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akiwa anashona kifungo. Kisha akasema, “Ungeniuliza tu, Keinan. Mimi nipo.”

Sasa naenda kulala nimefunika uso, na joto hili.

Jumamosi, 18 Aprili

Kiti kimefika jana. Chembamba, cheusi, hakina mbwembwe. Rukiyo kakitazama, kakikunja, kakikunjua. Leo asubuhi nilikuwa bado kitandani nikasikia lango. Nikachungulia. Ameshatoka. Mikono yake inaenda taratibu, inasukuma, inaachia, inasukuma. Magurudumu ya mbele hayakuzama. Alifika kwenye kona akasimama. Nikadhani amekwama, nikaruka kutafuta viatu. Kumbe alisimama tu kuangalia barabara, kwa sababu anaweza kusimama anapotaka. Kisha akapinda kona.

Nimelia kidogo. Naandika kwa kuwa Hooyo hatasoma. Miaka yote hii nilidhani mimi ndiye ninayempeleka.

Mchana nilipita kibandani. Foleni ya wazazi. Akanisalimia vizuri, akaniuliza kama nina kazi. Nikasema ninazo nyingi. Akanitazama nilivyokuwa nimevaa miwani miwili. Bado nina katoni.

Nimeahidi moyoni kwamba sitatumia tena maneno yenye maana mbili. Basi. Nimekoma.

Jioni Adeer Bishar alikuja. Masikio yamezidi. Anasema kipo kifaa kidogo cha kuweka sikioni, lakini bei yake inatisha. Akanishika mkono, mzee wa watu, akasema siku ile hakusikia hata neno moja la Rukiyo na imemuuma. Nikamhurumia kwa dhati. Mtu kama huyo lazima asaidiwe.

Nimeshaandika kwenye kundi:

“Ndugu zangu, wakati umefika Mzee Bishar awasikie wananchi. Tumuunge mkono.”

Neno moja la uongo hamna. Mtu wa Tarbaj ameshajibu. Na Abdisalam ananipigia simu sasa hivi.